Uwatu wa majani: kuupanda na kuupika nyumbani Nyanda za Juu Kusini

Ukienda soko la Mwanjelwa jijini Mbeya ukaulizia uwatu, muuza viungo atakupimia vijiko viwili vitatu vya punje za rangi ya njano iliyokolea, atazifunga, na pengine atakuuliza kama ni za mama aliyejifungua au ni za kupaka nywele. Wengi wetu tunaujua uwatu kwa njia hizo mbili tu. Hakuna anayekuuliza kama unakwenda kuzipanda. Ni hasara kubwa, maana punje hizohizo ukizifukia kwenye udongo wa Mbeya mwezi wa tano, wiki tano au sita baadaye unakata majani mabichi ambayo yakiingia kwenye viazi mviringo, chapati au maharage, nyumba nzima inajua kuna kitu kinapikwa.

Mwongozo huu ni wa majani. Punje nitazigusa mwishoni kidogo. Nimeuandika kwa ajili ya mtu wa Mbeya, Iringa, Njombe na jirani zake, kwa sababu huku ndiko uwatu unakostawi kwa urahisi kuliko sehemu nyingi za nchi, na ndiko ambako karibu hakuna anayeupanda.

Mmea wenyewe ni wa jamii ya mikunde. Ni ndugu wa karibu wa lusini wanayolishwa ng'ombe wa maziwa, na asiyeujua anaweza kuichanganya kabisa: shina jembamba lililosimama, kimo cha kati ya sentimeta 30 na 60, na kila kikonyo kina vijani vitatu vyenye ncha ya mviringo. Tofauti iko kwenye harufu. Sugua jani moja kati ya vidole, utasikia kitu cha majani mabichi kikifuatiwa na utamu kama wa sukari iliyoungua kidogo. Kinywani lina uchungu. Kama umekulia kwenye mnafu, uchungu huu hautakushangaza. Ni mwepesi zaidi na unaacha harufu nzuri nyuma yake.

India ndiyo inayozalisha uwatu mwingi kuliko nchi yoyote duniani, hasa jimbo la Rajasthan. Familia zenye asili ya India pale Iringa mjini na Mbeya huyaita majani haya methi, na ukilitaja jina hilo kwenye duka la viungo utaeleweka haraka. Wairani huyachanganya na mboga nyingine za majani kwenye mchuzi mzito wa nyama na maharage mekundu. Wahabeshi na Wayemeni hutumia zaidi punje. Ni mmea wa zamani mno: punje zake zilikutwa kwenye kaburi la Farao Tutankhamun lilipofunguliwa nchini Misri mwaka 1922.

Kwa nini baridi yetu inaufaa

Rajasthan uwatu hupandwa mwezi wa kumi na wa kumi na moja, joto likishapungua, ukakua kipindi chote cha baridi. Ni zao la msimu wa baridi. Ukiupanda Dar es Salaam mwezi wa pili utaota, lakini utakimbilia kutoa maua ukiwa bado mfupi, na majani yatakuwa machache na machungu. Hustawi vizuri joto likiwa kati ya nyuzi 15 na 25, na usiku wa baridi unauvumilia.

Mbeya mjini iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Iringa ni chini kidogo ya hapo, Njombe juu zaidi. Mvua zetu huanza Novemba zikaishia Aprili au Mei mwanzoni. Kinachofuata ni miezi ya baridi kavu, jua la mchana lisilochoma na usiku unaoshuka chini ya nyuzi 10. Miezi hiyo ndiyo ya uwatu.

Panda kuanzia katikati ya Mei, ardhi ikiwa bado na unyevu wa mvua za mwisho. Rudia kipande kidogo kila wiki tatu hadi mwisho wa Julai, usipande vyote siku moja, la sivyo utakuwa na majani ya kulisha mtaa wiki moja na wiki inayofuata huna kitu. Kuanzia Septemba jua linakuwa kali na mmea unaanza kuharakia maua, hasa upande wa Iringa na Usangu. Anayetaka kupanda wakati wa mvua anaweza, ila awe tayari kupambana na kuoza kwa mizizi. Tukuyu, ambako mvua hupita milimita 2,000 kwa mwaka na hazijui kukata, nashauri vyombo vilivyowekwa chini ya ukingo wa paa, mahali panapopata jua la asubuhi.

Watu wa Iringa na Njombe wenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, wana bahati ya pekee. Udongo wa bondeni una unyevu kiangazi chote, na mistari miwili ya uwatu pembeni mwa maharage au kabichi haimpunguzii mtu chochote. Chagua sehemu ya juu ya tuta, maana uwatu unapenda unyevu lakini hautaki kusimama kwenye maji.

Makete, Kitulo, Uporoto na maeneo ya juu ya Njombe kuna sakitu, umande unaoganda kuwa barafu, mwezi wa sita na wa saba. Mmea uliokwisha kushika huvumilia baridi kali kiasi, lakini miche michanga inaweza kuungua. Ukiona jioni anga halina mawingu, hakuna upepo na baridi imeanza mapema, tandika nyasi kavu nyepesi au shuka kuukuu juu ya tuta, uondoe jua likishapanda.

Mbegu na jaribio la punje ishirini

Huhitaji duka la pembejeo. Mbegu ni hizohizo za sokoni, na kijiko kimoja cha chakula, kama gramu 10, kinatosha mita moja ya mraba ukipanda kwa ajili ya majani. Kinachohitaji umakini ni ubora. Punje nzuri ni ngumu, rangi yake inalingana, na ukiitazama kwa karibu ina mfuo upande mmoja kana kwamba imekatwa kona. Ukiona vitundu, au unga umekaa chini ya mfuko, wadudu wamekwisha kula. Usichukue zilizokaangwa, hizo huwa nyeusi zaidi na harufu yake ni ya kiungo kilichopita motoni.

Punje za viungo husafiri mbali na hukaa ghalani, nyingine zimekwisha kufa kabla hazijafika kwenye meza ya muuzaji. Kwa hiyo kabla hujachimba tuta, hesabu punje 20, zitandaze kwenye kitambaa kilicholowa, kikunje, kitie kwenye mfuko wa nailoni na kiweke mahali pa uvuguvugu, jikoni panafaa. Baada ya siku nne hesabu zilizotoa kimzizi. Zikiwa 15 au zaidi, panda kwa amani. Zikiwa kati ya 8 na 14, ongeza wingi wa mbegu. Chini ya hapo, tafuta muuzaji mwingine na hizo zibaki za kupikia.

Udongo na tuta

Udongo wa Mbeya na Rungwe, ule uliotokana na volkano, ni mwepesi na unapitisha maji. Hauhitaji kazi kubwa. Udongo mwekundu wa Iringa hushikana na kupasuka ukikauka, nao unahitaji mboji: debe moja la samadi iliyooza vizuri kwa kila mita ya mraba, ichanganywe hadi kina cha sentimeta 15. Njombe udongo wengi una tindikali, na uwatu unapenda udongo usio na tindikali nyingi, kwa hiyo nyunyiza majivu ya kuni, makonzi mawili kwa mita ya mraba, wiki moja kabla ya kupanda. Majivu ya mkaa uliochomewa takataka za plastiki usiyatumie kabisa kwenye chakula.

Penye maji mengi inua tuta sentimeta 15. Penye ukavu fanya kinyume: chimba jaluba la kina kifupi lenye kingo, ili kila kopo la maji unalomwaga libaki palepale.

Asiye na eneo atumie beseni lililopasuka, ndoo ya rangi iliyosafishwa vizuri, au kiroba kilichokunjwa mdomo. Kina cha sentimeta 15 hadi 20 kinatosha, mradi chini kuna matundu. Huko Mumbai kuna wakulima wanaopanda uwatu kwenye mchanga karibu na bahari, wakaung'oa ukiwa bado na vijani viwili vitatu, wakauuza kwa vifungu vidogo. Ukiwa na trei ya kina kifupi unaweza kufanya vivyo hivyo dirishani na ukala baada ya wiki mbili.

Kupanda

Loweka mbegu usiku kucha. Asubuhi zitakuwa zimevimba na zimetoa ute unaoteleza, zinang'ang'aniana, na ukijaribu kuzidondosha moja moja utachoka. Zimwage kwenye chujio, zisuuze, kisha zichanganye na mchanga mkavu au majivu yaliyochekechwa hadi ziachiane. Sasa zinapandika.

Chora mistari ya kina cha sentimeta 1, nafasi ya sentimeta 15 hadi 20 kati ya mstari na mstari. Dondosha punje kila sentimeta mbili au tatu. Fukia, gandamiza kwa kiganja, mwagilia kwa kopo la matundu madogo ili udongo usichimbike. Tandaza nyasi nyepesi juu.

Mwezi wa tano miche huchungulia siku ya nne au ya tano. Katikati ya Juni, Njombe, inaweza kufika siku ya kumi, usichimbue kuangalia. Ikishatokeza, ondoa nyasi siku hiyohiyo jioni, la sivyo itarefuka na kulala. Baada ya majani mawili ya mbegu hutoka jani moja la peke yake, na yanayofuata ndiyo huja matatu matatu. Ukilijua hilo hutang'oa mche wako ukidhani ni gugu.

Kuanzia hapo kuna adui mmoja ambaye vitabu vya kilimo havimpi uzito anaostahili: kuku. Kuku wawili wakiingia kwenye tuta la miche ya uwatu, baada ya nusu saa huna tuta. Zungushia matawi ya miti yenye miiba au neti ya zamani mpaka mmea ufike kimo cha kiganja.

Maji, mbolea na magonjwa

Mwagilia asubuhi. Maji ya jioni huacha majani yamelowa usiku wa baridi, na hapo ndipo ubwiri unga, ule ukungu mweupe kama umenyunyiziwa unga, unapoanza. Juni na Julai mara moja kwa siku mbili inatosha kwenye tuta. Ndoo na viroba hukauka haraka, chomeka kidole, pakiwa pakavu hadi kiungo cha kwanza, mwagilia.

Usiweke urea. Uwatu ni mkunde, unajitengenezea naitrojeni kwa msaada wa bakteria wanaoishi kwenye vifundo vya mizizi. Lakini hapa kuna jambo ambalo hata wakulima wazoefu wa maharage hawalitegemei: bakteria wa maharage hawaufai uwatu. Wanaoufaa ni walewale wa lusini. Ikiwa wewe au jirani mfugaji mmewahi kuwa na shamba la lusini, chukua kopo moja la udongo kutoka kwenye mizizi yake, lichanganye kwenye mistari wakati wa kupanda. Wiki ya nne ng'oa mmea mmoja taratibu, suuza mizizi, tafuta vifundo vidogo, kipasue kimoja kwa ukucha. Kikiwa na rangi ya waridi ndani, kazi inafanyika. Kama hakuna vifundo na majani ya chini yanageuka manjano, mwagia maji ya samadi iliyovundikwa, kwenye udongo tu, kamwe si kwenye majani utakayokula.

Vidukari hupenda ncha laini. Changanya kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji, nyunyiza upande wa chini wa majani, na siku inayofuata suuza kwa maji safi. Sota, viwavi wanaoishi udongoni, hukata miche usiku; ukikuta mche umelala asubuhi, fukua pembeni yake, utamkuta kajikunja hapohapo, muue. Kwa mboga ambayo utaila baada ya wiki chache sioni sababu yoyote ya kununua sumu ya dukani.

Kuvuna na kukausha

Mmea ukifika sentimeta 20 hadi 25, kata kwa kisu kikali ukiacha sentimeta 5 juu ya ardhi. Mwagilia siku hiyo. Baada ya kama wiki mbili tatu utachipua tena, na utakata mara mbili au tatu kabla haujachoka. Wengine hung'oa mzima mzima na mizizi. Ni sawa kama unataka nafasi ya kupanda upya, ila unajinyima mavuno ya pili. Ukiona vitufe vya maua, kata mara moja. Baada ya maua jani huwa gumu na uchungu hupanda.

Vuna asubuhi umande ukishakauka. Majani mabichi yakifungwa kwenye kitambaa chenye unyevu hukaa siku mbili tatu, si zaidi.

Ziada ikaushe, na hapa tena hali yetu ya hewa inatubeba. Upepo mkavu wa Julai pale Iringa hukausha jani kivulini likabaki kijani. Chambua majani, tupa mashina, yatandaze tabaka moja kwenye ungo uliotandikwa kitambaa, ndani ya chumba chenye dirisha wazi. Juani yatageuka rangi ya nyasi na harufu itapungua. Siku tatu hadi tano, mpaka yanavunjika ukiyafinya, kisha yatie kwenye chupa kavu yenye kifuniko. Yaliyokaushwa vizuri hukaa miezi sita na harufu yake huwa nzito kuliko ya mabichi.

Uchungu

Hapa ndipo watu wengi hukata tamaa na uwatu, na kosa kubwa huwa ni kuupika kama mchicha: kuuchemsha, kumwaga maji, kisha kuuunga. Ukifanya hivyo unamwaga harufu yote, uchungu nao unabaki. Yapo mambo manne ya kuzingatia.

Kwanza, pika majani na ncha laini tu. Shina ndilo chungu zaidi na lina nyuzi. Kuchambua kunachukua muda, kaa chini na mtoto au jirani mfanye pamoja.

Pili, chumvi. Katakata majani yaliyooshwa, nyunyizia kijiko kimoja cha chai cha chumvi kwa vikombe viwili, changanya, acha dakika 15. Kamua kwa mikono. Maji ya kijani yatakayotoka onja tone moja, utaelewa yamebeba nini. Kisha punguza chumvi ya chakula chenyewe.

Tatu, mafuta yenye moto. Majani yaingie kwenye mafuta kabla ya kitu chochote chenye maji, yakaangwe mpaka yageuke kijani cheusi na harufu ibadilike kutoka ya nyasi kuwa ya karanga. Dakika nne tano. Nyanya ukiiweka mapema utayachemsha.

Nne, upe uwatu mwenzake. Viazi, maziwa mtindi, kitunguu kilichokaangwa hadi kikawa kitamu, karanga zilizosagwa, nazi: vyote hivi hupoza uchungu. Ndiyo maana viazi na uwatu havitenganishwi.

Viazi mviringo kwa uwatu

Kwa watu wanne. Chukua nusu kilo ya viazi; vile vya Isyonje au Umalila, ukipata aina ya Kikondo ni vizuri zaidi. Menya, kata vipande vya sentimeta mbili, vioshe na uvikaushe kwa kitambaa, maana kiazi kilicholowa hakikaangiki. Andaa vikombe viwili vilivyoshindiliwa vya majani ya uwatu yaliyotiwa chumvi na kukamuliwa.

Pasha vijiko vitatu vya mafuta ya alizeti kwenye sufuria nzito. Tia kijiko kimoja cha chai cha bizari nyembamba, iache ichachatike. Fuatisha punje nne za kitunguu saumu zilizokatwa nyembamba na pilipili mbichi moja iliyopasuliwa. Kabla kitunguu saumu hakijawa kahawia, tia uwatu, kaanga kama nilivyoeleza. Sasa viazi na nusu kijiko cha chai cha manjano. Geuza mpaka kila kipande kipate mafuta, punguza moto, funika. Kama unatumia jiko la mkaa, ondoa nusu ya makaa na uweke machache juu ya mfuniko. Usiongeze maji isipokuwa viazi vimeanza kushika, na hapo nyunyiza kwa vidole tu. Geuza kila dakika tano, kwa mwiko, taratibu visivunjike. Dakika 20 hivi vimeiva. Fungua, pandisha moto dakika mbili ili kingo zikauke.

Kula na ugali, chapati, au peke yake asubuhi na chai ya rangi.

Chapati za uwatu

Hizi ni kavu kuliko chapati zetu za kawaida na hukaa siku mbili bila kuharibika, nzuri kwa safari ya basi au kibegi cha mtoto wa shule. Unga wa ngano vikombe vitatu, ukipata wa atta (ngano isiyokobolewa) changanya nusu kwa nusu. Majani yaliyokatwa kikombe kimoja, safari hii usiyakamue. Nusu kikombe cha mtindi, manjano nusu kijiko cha chai, pilipili ya unga kiasi chako, chumvi kijiko kimoja cha chai, mafuta vijiko viwili vya chakula.

Changanya vyote bila maji, ufikiche kwa vidole, na uache dakika tano. Chumvi itayavuta maji ya majani na unga utaanza kushikana wenyewe. Ndipo uongeze maji kidogo kidogo. Wanaotia maji mwanzoni huishia na donge linalonata na wanalazimika kuongeza unga, harufu ikapotea. Kanda dakika nane, funika, acha nusu saa. Gawanya vidonge 12, sukuma nyembamba, choma kwenye kikaango kikavu. Ikianza kutoa mapovu geuza, paka mafuta nusu kijiko cha chai, geuza tena.

Maharage, usipa na mengineyo

Maharage ya njano ukishayaunga, dakika mbili kabla ya kuepua, chukua kijiko kimoja cha chakula cha majani makavu, yasugue kati ya viganja juu ya sufuria yawe unga, koroga, funika, zima moto. Usiyachemshe.

Usipa wakavu, dagaa wa Ziwa Nyasa, wanaupokea uwatu vizuri mno: kaanga kitunguu hadi kiwe kahawia, tia uwatu, kisha nyanya, kisha usipa waliolowekwa na kuoshwa. Kuku wa kienyeji naye hivyohivyo. Kwenye wali sishauri, harufu inaufunika mchele wa Kyela, na mchele wa Kyela una harufu yake.

Punje ukizitumia kwenye mchuzi au achari, zikaange kwenye mafuta kwa sekunde chache tu, mpaka zikolee rangi kidogo. Zikiwa nyekundu nyeusi zimekuwa chungu na hakuna cha kuziokoa.

Wa kuwa waangalifu

Kiasi cha mboga mezani hakina shida kwa wengi. Mjamzito asitumie uwatu kwa wingi wala kama dawa bila kuongea na mhudumu wa afya. Anayetumia dawa za kisukari au dawa za kuzuia damu kuganda naye amwambie daktari wake, kwa sababu uwatu unaweza kuongeza nguvu ya dawa hizo. Mwenye mzio wa karanga au dengu aanze na kidogo sana au auache. Jasho na mkojo vikinukia utamu siku ya pili, usiogope. Harufu ya uwatu hutoka mwilini hivyo.

Punje zilizochipuzwa usizile mbichi. Mwaka 2011 nchini Ujerumani mlipuko wa bakteria wa E. coli uliohusishwa na mbegu za uwatu zilizochipuzwa uliua watu zaidi ya 50 na kuugulisha karibu 4,000. Zilizochipuka zipikwe mpaka ziive.

Mbegu za msimu ujao

Acha mimea kumi iliyo imara bila kuikata hata mara moja. Itatoa maua meupe yenye unjano, kisha maganda membamba yaliyopinda kama upanga, urefu wa kidole au zaidi, kila moja na punje kati ya 10 na 20. Kuanzia kupanda hadi punje kukauka ni miezi minne au mitano, kwa hiyo iliyopandwa Mei itakomaa Septemba hadi Oktoba, kabla ya mvua. Maganda ya chini yakiwa kahawia na ya juu yanaanza kugeuka, kata mimea kwenye usawa wa ardhi, mizizi iache ndani ya tuta iozee hapo. Tundika mashina yakiangalia chini ndani ya mfuko wa karatasi kwa wiki moja, kisha yapige, pepeta, na uanike punje siku mbili kivulini. Zihifadhi kwenye chupa iliyofungwa, mahali pakavu pasipo na jua, na uandike mwaka. Huota vizuri kwa miaka miwili hadi mitatu. Kwenye tuta lile mvua za Novemba zikianza, panda mahindi au kabichi, si maharage, ili magonjwa ya mikunde yasipate pa kuendelea.